Vidonge vya Zinash na Kikombe cha Tatu

Kijiwe chetu kiko pale ukuta wa kiwanda cha mablanketi unapoishia na barabara inapoanza kupanda kuelekea Dessie: benchi la mkaratusi lenye mguu mmoja mfupi, vigoda vinne, jiko la mkaa na dele langu la kahawa, la udongo, lililokwisha kuwa jeusi kama roho za watu fulani. Benchi ni la wanaume. Jiko ni langu. Debre Birhan ni baridi, na mwanaume wa hapa akiona mkaa hufungua mdomo kabla hajafungua macho vizuri. Hapo ndipo zinapopangwa harusi za watu na mazishi ya watu, na hapo ndipo Jumapili moja, watu wakitoka kanisani na shuka zao nyeupe, ilipangwa Zinash arudishwe kwa baba yake kama chungu kilichotoboka.

Wazee walikuwa watatu. Kwetu ukitaka binti wa mtu unatuma watatu, ukitaka kumrudisha unatuma watatu. Na hawa walikuwa walewale waliokwenda kumposa Zinash miaka minne nyuma, wakala kondoo wa baba yake, wakaapa na midomo inang'aa mafuta kwamba binti atatunzwa kama jicho. Wa kwanza tunamwita Shemasi, ingawa hakuwahi kuwa shemasi. Shule ya kanisa ilimtema baada ya kukutwa na paja la kuku katikati ya mfungo. Wa pili Mizani, anapima nafaka kwenye mashine ya kusaga, na akikutazama unajua tayari amekukadiria kilo. Wa tatu Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Mwisho wa benchi alikaa mume mwenyewe, Yirdaw, kijana wa kiwandani hapo, amejifunika gabi lake, lile shuka zito la pamba, mpaka puani. Wazee hawaondoki bila mwenye shida kuwepo, basi yeye alikuwepo kama gunia linavyokuwepo.

Kabla sijamimina kikombe cha kwanza, mama yake Yirdaw, Askale, alifika na ushahidi. Aliuweka juu ya kigoda kando ya vikombe vyangu: pakiti ya vidonge iliyozungushiwa utepe mwekundu. Aliikuta ndani ya kopo la pilipili. Hakuna mwanamke mtaa huu asiyevijua vidonge vile, ni vya kupanga uzazi, na Askale mwenyewe alivimeza baada ya mtoto wa tano, nilikuwepo. Lakini siku ile alivitazama kama nyoka.

— Miaka minne nasubiri mjukuu, alisema. Kumbe mlango umefungwa kwa ndani.

Kisha akaondoka kwenda kumfungia mkwewe mzigo.

Nikamimina. Kikombe cha kwanza ndicho chenye nguvu, na kilikwenda moja kwa moja kwenye ndimi zao.

— Hii kesi haihitaji hata kuwekwa kwenye mzani, alisema Mizani. Mwanamke anameza dawa ya kuzuia, halafu analia hazai. Ni sawa na mimi nizibe pua halafu nidai maua hayanukii.

— Ni daktari aliyempa, nikasema.

— Daktari gani, dada Shitaye, ampe dawa ya kuzuia mtu anayetafuta? aliuliza Shemasi. Mwenye kiu unampa chumvi?

Ikabidi niwaeleze, na kuwaeleza hawa ni kupiga mluzi kwenye upepo. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda mtoni. Lakini Zinash huja nyuma ya kibanda changu kila asubuhi kabla kijiwe hakijaamka. Huja na kioo na kikoleo kidogo, anajing'oa nywele za kidevuni, kwa sababu kwa mama mkwe wake hakuna pembe isiyo na jicho. Hapo ndipo huniambia mambo yake, anang'oa na kusema, anang'oa na kusema. Damu yake ya mwezi hupotea miezi mizima, kisha hurudi inapojisikia, kama mume mlevi. Uso humtoka chunusi kama wa msichana wa miaka kumi na minne. Unene huja hata akishinda njaa. Baada ya sikukuu ya Ubatizo, Askale alipokwenda msibani kijijini, Zinash alichomoka akaenda hospitali. Daktari alimpima kwa kile chombo cha kuonea tumboni, akamwambia mayai anayo, tena mengi, madogo madogo, ila yanaanza safari na kuishia njiani; hakuna linaloiva na kutoka. Ugonjwa una jina refu kuliko la mfalme, sikulishika. Nilichoshika ni kwamba wanawake wengi wanao, na wengi wakitibiwa huzaa.

Kwanza, alisema daktari, meza vidonge hivi miezi mitatu, tuirudishe damu kwenye mstari wake, maana tumbo lisilojisafisha muda mrefu si salama. Apunguze sukari na mikate, atembee. Baadaye aache vidonge na apewe dawa nyingine, ya siku chache tu kila mwezi, ya kuliivisha yai. Nikawasemesha kwa lugha yao: nyinyi wakulima, shamba lililochoka hamlipandi shayiri siku hiyohiyo. Mnalilaza, mnalilima, ndipo mnapanda. Je, anayelilaza shamba amekataa mavuno?

Nikadhani limeingia.

— Wahenga walisema polepole yai litatembea kwa miguu yake, alisema Shemasi. Sasa hili miaka minne halijaota hata unyayo. Basi ni viza.

Methali ile wakubwa wetu waliitoa kumfundisha mtu subira. Shemasi aliigeuza panga. Methali kwa Shemasi ni kama viatu kwa mtoto, huvaa cha kulia mguu wa kushoto na kutembea kwa madaha.

Mizani akaja na kilo zake. Alimpima Zinash kwa macho siku ya Krismasi, akasema ameongezeka debe zima, na mafuta yameyabana mayai kama watu kwenye mlango wa kanisa siku ya Pasaka. Nikamwambia hata daktari amesema atembee, lakini atembee wapi, azunguke godoro? Tangu Askale aliporudi msibani na kusikia mkwewe alitoka, hamruhusu kuvuka lango. Huvuka uchochoro tu kuja kwangu, hatua chache, na Askale akihesabu kwa kikohozi. Kwingine kote huenda na mama mkwe mkononi, na kwenyewe ni kwenye maji matakatifu, ambako wiki nzima alimwagiwa alfajiri, katika baridi ya hapa, baridi inayopasua mawe.

— Ndiyo maana maji hayakufanya kazi, Shemasi akadakia. Huwezi kuchanganya maji matakatifu na vidonge. Yanachukizwa, yanaondoka.

— Na huyu? nikauliza, nikimnyooshea Yirdaw koleo la mkaa. Huyu amepimwa?

Shemasi alinitazama kama nimekojoa madhabahuni.

— Mwanaume hapimwi, dada. Mwanaume ndiye anayepima.

Yirdaw akalipandisha gabi kidogo. Sasa yalibaki macho tu.

Nikaongeza maji kwenye dele. Kahawa haipikwi kwa hasira, inaungua. Wakatafuna shayiri ya kukaanga na kusubiri, na kikombe cha pili kilipowafikia akili zao zilikuwa zimekwisha kupata mbawa.

Redio alisema kisa ni mnara wa simu. Aliwahi kusikia mahali, hakumbuki wapi, kwamba mawimbi hupita hewani usiku na kuyachemsha mayai ya wanawake yakiwa tumboni. Nyumba ya Yirdaw inatazamana na mnara. Nikamwambia nyumba yangu iko chini ya mnara wenyewe, na kuku wangu hawajawahi kutaga yai la kuchemsha.

Mizani alisema ni baridi ya jiwe la mlangoni ambalo Zinash hukalia akichambua dengu. Shemasi akacheka, akasema nyote mnapapasa gizani. Akashusha sauti, na Shemasi akishusha sauti ujue upumbavu unakuja umevaa joho.

— Mmeona kidevu chake?

Nilisimamisha mkono. Nywele zile nilidhani ni siri yangu na ya Zinash na ya kioo.

— Askale ameziona, akaendelea. Sasa jiulizeni, mwanamke anatoa wapi ndevu? Si zake. Ana jini mume. Wanalala pamoja, na jini akimkumbatia, ndevu zinamshika. Jini mwenye wivu ndiye anayemletea hivyo vidonge, asizae na binadamu.

— Ahaa, alisema Redio, na nilimwona kabisa akiiweka habari hiyo tayari kwa kutangazwa.

— Asiye na mwana aeleke jiwe, alisema Mizani. Basi lifanyike hilo. Aeleke jiwe mgongoni apande nalo mpaka kanisani, jini atachoka.

Nikuambie walifanya nini? Wakaanza kubishana jiwe la ukubwa gani. Mizani alitaka la kilo kumi na tano. Watu wenye wajukuu, wenye mvi, watu wanaoachiwa kigoda popote wanapoingia, wamekaa juani wanakadiria jiwe la kumtwika binti wa mwenzao kabla ya kumrudisha. Nikachokonoa mkaa mpaka cheche zikamrukia Mizani viatuni. Akasema angalia, mama. Nikasema naangalia sana.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Lori lake lilikuwa limepasua gurudumu pale chini, limejaa vitunguu kutoka bondeni, na fundi alimwambia asubiri. Alikuwa mtu mwembamba, mikono inanuka mali yake. Alisalimia wote, akauliza kama kuna nafasi, nikampa kigoda na kikombe cha pili. Mizani hakungoja hata apulize kahawa. Mzee akiwa na kesi hutaka shahidi wa mbali, basi alimsimulia yote: miaka minne, kopo la pilipili, ndevu, jini, lango asiloruhusiwa kuvuka, mzigo unaofungwa, na kwamba wakishapata kikombe cha tatu wanaondoka, kwa kuwa baba wa binti amekwisha kupelekewa habari na anawasubiri.

Mtu wa vitunguu alitafuna shayiri yake taratibu.

— Poleni wazee, alisema. Mimi haya siyajui. Ila mmesema huyo mke hatoki langoni, na hii pakiti naiona mpya, vimeliwa vichache tu. Dukani aliifuata nani?

Basi. Hilo tu.

Mizani alitazama kikombe chake kana kwamba jibu limeandikwa humo ndani. Hata mimi, na ulimi wangu huu, sikuwa nimeliuliza. Zinash alitoka bila mama mkwe siku moja tu, na miezi imepita. Pakiti aliyopewa siku ile ilikuwa ya mwezi mmoja, ilikwisha zamani.

— Labda huyo jini, alisema Shemasi, lakini polepole.

— Jini anapanga foleni duka la dawa? aliuliza mgeni. Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua.

Nikaitazama pakiti pale kwenye kigoda. Ilikuwa imekaa mbele yetu asubuhi nzima. Tuliona vidonge, hatukuona utepe. Utepe ule mwekundu ni pindo la blanketi, yale masalio yanayokatwa kiwandani, wafanyakazi huyaweka mfukoni wakitoka zamu. Yirdaw hufungia kila kitu kwa utepe ule: mkate wake, ufunguo wake. Nikainama. Kiatu chake cha kushoto, kilichotokeza chini ya gabi, kilikuwa na kamba nyekundu.

Nilichukua pakiti nikaiweka chini kando ya kiatu kile, utepe kwa utepe, nikarudi kwenye jiko langu.

Wote waliangalia chini. Mizani ndiye aliyepata sauti.

— Yirdaw, mwanangu. Ni wewe?

Gabi likashuka.

— Nazichukua mimi, alisema. Kila mwezi. Hospitali tulikwenda wote. Daktari alinieleza, ni dawa za kuanzia.

Hilo la kwenda wote Zinash hakuwahi kuniambia.

— Na mama yako alipopiga kelele ua mzima?

— Kulikuwa na watu, mzee.

— Na sisi hapa, tangu asubuhi?

Alisema akikitazama kiatu:

— Daktari alitaka na mimi nirudi kupimwa. Sikurudi. Nikisema dawa nazijua, mngeniuliza na hilo.

Nimezika mume na watoto wawili, nimeona njaa, nimeona askari wakipita na barabara hii kwenda na wachache wakirudi. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na hasira kama ile. Haikuwa ya makelele. Ilikuwa kama mkaa unapokuwa mweupe juu.

— Kwa hiyo, nikamwambia, umekaa hapa vikombe viwili, unakunywa kahawa yangu, unasikiliza mkeo akiozwa jini. Wakamkadiria jiwe, ukasikia. Ukapandisha shuka.

— Bibi, nilikuwa nataka...

— Ulikuwa unataka joto. Kidole kimoja hakivunji chawa, Yirdaw. Yule ameleta chake, amevulia nguo wageni, amemwagiwa maji ya barafu, ameitwa mke wa jini. Wewe chako umekifunika gabi.

Hapo, kama wazee wangekuwa wazee, wangesimama, wangekwenda kwa Zinash, wangemwomba radhi. Lakini Shemasi alikung'uta shuka lake, akajisafisha koo.

— Haya ni mambo ya ndani, yatazungumzwa, alisema. Lakini neno tumekwisha kulipeleka. Mzee wa watu anatungoja, na mama amekwisha kufunga mzigo. Hatuwezi kuonekana watoto. Twende, hukohuko tutajua la kusema. Dada Shitaye, tumiminie cha tatu.

Na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wakanyoosha vikombe.

Kwetu kahawa ni vikombe vitatu vya buni ileile. Cha kwanza kitamu, cha pili cha kawaida, cha tatu majimaji, lakini hicho ndicho chenye baraka. Anayenyanyuka kabla ya cha tatu anaondoka mtupu. Na wazee waliotumwa hawathubutu kabisa. Shemasi mwenyewe ndiye huwasimulia vijana habari za wajumbe walioondoka bila cha tatu, gari lao likatumbukia mtoni.

— Kimekwisha, nikasema.

Dele lilikuwa linachemka. Lilikuwa linagonga kifuniko.

— Mbona linachemka, alisema Mizani.

— Linachemkia mtu mwingine.

Nikalishika shingo kwa tambara, nikachukua kikombe kimoja safi, nikaokota ile pakiti chini pale. Redio aliniita. Shemasi alisema Shitaye, tangu lini mwanamke akawanyima wazee baraka. Nikamjibu tangu leo, na kama wana haraka barabara ni hiyo. Hakuna aliyenyanyuka. Niliwaacha wamekaa na vikombe vitupu mikononi, na mtu wa vitunguu akiwaangalia mmoja mmoja, maskini, akidhani labda ameuliza vibaya.

Kwa Askale ni kuvuka uchochoro tu. Zinash alikuwa amekaa langoni juu ya mzigo wake, amevaa gauni alilofungia ndoa kanisani, maana mtu harudishwi kwao na nguo za jikoni. Askale alikuwa mlangoni amekunja mikono. Nikapiga magoti, magoti yangu haya mabovu, nikamimina.

— Unampa baraka mtu anayefunga tumbo? alisema Askale.

— Muulize mwanao. Yuko kijiweni. Njia ya duka la dawa anaijua.

Askale hakuelewa upesi. Nilimwona anavyoelewa, kipande kwa kipande, na sikumhurumia hata kipande kimoja.

Zinash ndiye niliyemgeukia.

— Ulijua ni yeye anazileta. Mama mkwe wako amekupigia kelele wiki nzima. Kwa nini hukusema?

— Nilikuwa namsubiri aseme yeye, alijibu. Amesema?

— Ameulizwa, ndipo akasema.

Alilipima hilo. Akapokea pakiti, akaufungua ule utepe mwekundu na kuuacha udondoke kwenye vumbi. Akabonyeza kidonge kinachofuata, akakiweka ulimini, akakimeza kwa kikombe cha tatu, macho yakiwa kwa mama mkwe wake mpaka tone la mwisho. Kisha akanirudishia kikombe, akasimama, akaunyanyua mzigo.

— Mama, nipishe niingie, alisema. Nje baridi.

Askale akapisha.